Mgongo wa Babu Alois

Bertilla alikulia Mollo, kijiji cha Ufipa, nyumbani kwa mchinjaji. Baba yake ndiye aliyeitwa kila penye arusi, kipaimara au msiba, na kwa kuwa nyumba ile haikuwa na mtoto wa kiume, Bertilla ndiye aliyebeba karai. Aliujua mgongo wa ng'ombe kama wasichana wengine wanavyojua kinu cha mama zao. Aliona shoka likipita katikati ya pingili kutoka shingoni hadi mkiani, mnyama akagawanyika pande mbili, na pale katikati ukatokea ugwe, ile kamba nyeupe laini iliyolala ndani ya mifupa kama utambi ndani ya kibatari. Bibi yake aliupenda sana ugwe huo. Aliuchomoa wote, toka shingoni hadi karibu kabisa na mkia, akauchemsha kwa chumvi kidogo na kuula polepole, maana meno yalikuwa yameshang'oka.

Basi alipoingia kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni, ile iliyokuwa njia ya kwendea Kaengesa, mwaka ambao watoto wa shule waligawiwa vibendera vya karatasi kwa ajili ya malkia mpya wa Waingereza, somo la ubongo na mgongo halikumtia hofu hata chembe. Daktari wa pale alikuwa mtawa, Sista Gaudensia, Mholanzi mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Alileta kichwa na mgongo wa ng'ombe kutoka kwa wachinjaji wa mjini, akavilaza mezani juu ya kipande cha bati. Wanafunzi wakarudi nyuma. Bertilla akakunja mikono ya gauni lake.

"Wewe dada, umekuja kusoma au kupika supu?" akamtania Marselino, kijana wa Kaoze aliyekuwa hodari wa maneno kuliko wa kazi.

"Nimekuja kusoma. Supu utapika wewe, maana naona umeshasimama karibu na mlango wa jikoni."

Wakacheka. Sista akangoja wamalize, kisha akawaonyesha ugwe, ngozi ngumu inayoufunika, na maji maangavu yanayouzunguka. Akawaambia kuwa ugonjwa ule unaokuja na baridi, unaokaza shingo za watoto, homa ya uti wa mgongo, hutambulika kwa maji hayo. Mgonjwa hulazwa ubavu, hukunjwa magoti yakaribie kidevu, na sindano ndefu huingizwa kiunoni, katikati ya pingili mbili za chini. Maji yakitoka maangavu, ni heri. Yakitoka na ukungu, dawa ianze saa ileile.

Bertilla akanyoosha mkono. "Sista, hapo kiunoni ugwe upo. Tazama huu." Akauinua kwa kidole. "Umefika mpaka huku kwenye nyonga. Sindano ikiingia si itauchoma?"

"Kwa ng'ombe, ndiyo," akasema Sista. "Kwa binadamu ugwe unaishia juu zaidi. Mifupa inaendelea, ugwe hauendelei." Akachora ubaoni.

Bertilla akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Moyoni hakukubali. Mbuzi aliowashika kwa mikono yake, kondoo, ng'ombe, hata nguruwe wa Padri, wote ugwe ulishuka mpaka kule. Kwa nini binadamu peke yake apunjwe? Chaki huchora chochote unachoitaka ichore.

Tena alikuwa na sababu nyingine, nayo ililala kitanda cha mwisho wodini, karibu na dirisha.

Huyo alikuwa Babu Alois. Zamani alikuwa myeyushaji wa chuma, mmoja wa wale wazee waliojenga tanuru refu la udongo, ilungu, refu kumpita mtu aliyesimama juu ya bega la mwenzake. Kazi hiyo ilikuwa imeshakufa, majembe ya Ulaya yakiuzwa madukani, lakini baada ya vita vya Hitla majembe hayo yakaadimika, na wazee wakakumbukana. Alois akapanda juu ya ilungu kumimina mawe ya chuma na makaa, ngazi ikateleza, akaanguka chali juu ya rundo la mawe. Tangu siku hiyo kuanzia kitovuni kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake. Miguu ilikauka ikawa kama mipini.

Kwa ukoo wa mama alikuwa babu yake Bertilla, si wa karibu sana, lakini babu ni babu, na utani wa babu na mjukuu hauna mipaka. Kila asubuhi Bertilla alimgeuza, akamwosha, akamsafisha vidonda vilivyotokana na kulala.

"Mke wangu leo umechelewa," mzee angesema. "Umepitia kwa wanaume gani?"

"Nimepitia kwa mwanaume mwenye miguu. Ameniomba nimwache nirudi kwako, anasema nina mdomo."

"Mdomo huo nimeulipia mahari."

"Ulilipa nini? Jembe moja lenye kutu!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lakini Bertilla, akiwa nyuma ya mgongo ule, aliona pingili moja iliyotokeza kama fundo, na kila alipoigusa akawaza, hapa ndipo ugwe ulipoguswa. Kuguswa mara moja tu. Na mimi nishike mtoto wa mtu ili aguswe kwa sindano?

Baridi ya mwaka ule ilipoanza, mama mmoja alileta mtoto aliyekaza shingo kama gogo. Sista akamwita Bertilla amshike. Bertilla akamkunja mtoto vizuri, kama alivyofundishwa, akaona sindano ikikaribia ngozi. Mikono yake ikalegea. Hakuiamuru, ililegea yenyewe. Mtoto akajinyoosha, sindano ikapinda. Sista akachukua sindano nyingine. Akamwita Marselino, Marselino akashika, maji yakatoka, na mtoto yule, Mungu ni mwema, alipona.

Jioni Sista akamkalisha Bertilla barazani. "Mwakani nawapeleka kwenye zahanati za mbali," akasema. "Huko hutakuwa na mimi. Mtoto wa namna ile akija, ama utachoma ama atakufa mikononi mwako. Wewe una mikono mizuri kuliko wote hapa, Bertilla. Lakini mikono isiyothubutu siwezi kuipeleka. Kabla baridi nyingine haijaisha, unionyeshe umechoma. Usipoweza, utarudi Mollo kwa baba yako, nami nitasikitika sana."

Bertilla alilia usiku kucha chini ya blanketi. Kurudi Mollo hakukuwa aibu tu. Wadogo zake wawili walikuwa wamelala kaburini kwa ugonjwa huohuo wa shingo, na ndicho kilichomtoa nyumbani kuja kusoma.

Kesho yake Babu Alois akagundua kuwa mkewe hatanii.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, babu."

"Basi mbona unaniosha kama unaosha maiti?"

Ndipo akamwambia yote. Ng'ombe, ubao, mtoto, sindano. Mzee akasikiliza akitazama dari. Kisha akauliza, "Huyo Sista, ameona kwa macho kwamba kwa mtu ugwe unaishia juu?"

"Anasema aliona kwao alipokuwa akisoma. Walifungua watu waliokufa, wakasomea."

"Ahaa!" Mzee akawa kama aliyepata chakula anachokipenda. "Basi kwao wana akili. Sisi tulipomaliza kuyeyusha, moto ukishapoa, tulifanya nini? Tuliuvunja ukuta kwa chini. Tukachungulia chuma kimekaaje, takataka zimekaaje, wapi moto ulizidi, wapi ulipungua. Asiyevunja hawezi kujua, mwaka ujao atapoteza makaa bure." Akaligonga paja lake lililokauka. "Mimi nimelala hapa miaka yote, hakuna aliyewahi kuniambia ndani yangu kilikatika nini. Nikifa, nifungueni."

"Babu, nyamaza!"

"Sinyamazi. Tena ufungue wewe. Sitaki mwanamume mwingine anipapase wakati mke wangu yupo. Lakini kuna sharti. Ukishajua, uje unieleze."

"Utakuwa umekufa, nitakueleza vipi?"

"Hilo ni lako. Mimi mzigo wangu nimeshautua."

Bertilla alidhani ni mzaha, lakini mzee akamwita Padri, na akamwita mwanawe wa pekee, Flavian, mkulima wa ulezi kule Mollo. Padri akasema Kanisa halikatazi, ilimradi marehemu azikwe kwa heshima. Flavian akavua kofia, akaizungusha mikononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, kama mtu ambaye baba yake alimaliza maneno yote ya nyumba ile.

"Baba," akasema mwishowe, "mtu huzikwa mzima."

"Mzima nimekuwa lini, Flavian? Nusu yangu ilitangulia zamani."

Flavian akatoka nje, akasimama kwenye upepo na kofia yake mkononi, akaondoka bila kuaga.

Masika ikapita. Majira ya kuvuna ulezi, asubuhi moja, Bertilla akakuta mzee amelala ametazama dirisha, macho yamefumbwa nusu, na uji wake wa alfajiri haujaguswa. Akakaa kando ya kitanda akamshika mkono uliokuwa bado na sugu za nyundo. Kisha akafanya kazi yake. Akamfumba macho, akamnyoosha, akamfunika.

Habari zikapelekwa Mollo kwa baiskeli, na kabla jua halijapanda sana, Flavian akafika na wanaume wa Mollo wakiwa na machela ya miti. Bertilla akatoka, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima taratibu kama anavyosalimiwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Pole."

"Marahaba, mama. Pole na wewe, umefiwa na mume." Hata siku ile aliulinda utani wa baba yake.

Bertilla akaona machela. Akajua kwamba ikiondoka na mzee, kila kitu kimeondoka. Sindano itabaki chaki ubaoni, na yeye atarudi Mollo kubeba karai. Neno la kuomba likamfika kooni. Akalimeza. Hakuona haki ya kumwomba mtu baba yake.

"Mjomba," akasema, "maji ya moto yako tayari. Ukisema tumwoshe, nitamwosha sasa hivi, mwende naye."

Flavian akamtazama sana. Nyuma yake wanaume walinong'ona, mmoja akasema kwa Kifipa kuwa jua halingoji.

"Angekuomba wewe, ungelikataa neno lake?" Flavian akauliza.

"Aliniomba, mjomba. Sikulikubali wala sikulikataa. Nilimwambia anyamaze tu."

"Mimi nilimwacha bila kuaga." Akavuta pumzi. "Basi sikiliza. Nitasimama mlemle ndani, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kila kitu chake kinarudi ndani yake, hata uzi mmoja usibaki kwenye chupa. Jua likiinama, tunaondoka naye. Na kisu ushike wewe, kama alivyosema."

Wakamwingiza katika chumba cha nyuma chenye madirisha mapana, pale ambapo mwanga wa asubuhi ulikuwa mwingi na harufu ya mikaratusi iliingia na upepo. Sista Gaudensia akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Bwana Alois, asante. Tunakuja kwako kama wanafunzi." Wanafunzi wakaitikia asante, mmoja mmoja. Marselino, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja, aliitikia mara mbili.

Walimlaza kifudifudi. Bertilla alishika kisu, na mara ya kwanza katika maisha yake alipata woga wa kukata. Nyumbani alikuwa hodari kwa sababu ng'ombe hakuwa akimwita mke wangu. Sista akaweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wake, wakaanza pamoja. Kisha ule mkono wa juu ukatoka, na Bertilla akaendelea peke yake. Akafungua ngozi katikati ya mgongo, akaitenga misuli huku na huku mpaka mifupa ikaonekana. Sista akampa msumeno mdogo na patasi, akamwonyesha jinsi ya kukata paa la kila pingili bila kuzamisha. Mfupa ukanyanyuka kipande kwa kipande, kama mtu anayeezua nyasi taratibu ili asiwaamshe waliolala ndani. Chini yake kukaonekana ile ngozi ngumu, nyeupe, yenye kung'aa, imekaza kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Akaichana kwa mkasi. Maji kidogo yakachuruzika. Na ugwe ukatokea.

Haukuwa mnene kuliko kidole chake kidogo. Pande zote mbili ulitoa nyuzi, jozi kwa jozi, kila jozi ikipenya tundu lake katikati ya pingili; za juu zikielekea mikononi, za katikati kifuani na tumboni. Bertilla akaufuata kwa ncha ya kidole mpaka penye lile fundo alilolijua kwa kuliosha kila siku.

Hapo akasimama.

Mfupa ulikuwa umejiunga vibaya, umesukuma ndani. Ugwe ulikuwa umesinyaa, mwembamba kama utepe, wa rangi ya manjano, umegandamana na ngozi yake. Juu ya mahali pale ulikuwa mzima. Chini yake ulikuwa umefifia, kama kijito chini ya mahali walipokiziba watu wenye bustani.

Flavian akasogea kutoka dirishani. "Ni hapo?"

"Ndipo hapa, mjomba."

Akainama. Akatazama kwa muda. "Kitu chembamba hivi," akasema. "Kumbe hakikukatika. Kilibanwa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Watu walisema amelogwa na wenzake wa ilungu. Mpaka leo kuna nyumba hatusalimiani nazo."

"Ni mfupa, mjomba. Mfupa na jiwe."

"Ni mfupa," akakubali, akajifuta uso kwa kofia yake.

Bertilla akaendelea kushuka. Pingili ya mwisho yenye ubavu ikapita. Ya kwanza ya kiuno ikafunguka, ugwe upo bado. Kwa ng'ombe bado kulikuwa na safari. Akafungua inayofuata. Hapo ugwe ukachongoka, kama ncha ya kalamu ya risasi. Ukaisha.

Akautafuta. Akaweka kidole chini ya ncha ile, akapapasa kulia na kushoto. Hakikuwepo kitu isipokuwa nyuzi, nyingi, ndefu, laini, zimening'inia pamoja kushuka ndani ya mfuko wa maji.

"Kule Ulaya tunaita mkia wa farasi," akasema Sista.

"Sisi farasi hatumjui, Sista," akasema Bertilla. "Hii ni mizizi ya ulezi. Unapong'oa shina ukalikung'uta udongo." Kisha akasema kama mtoto, "Sista, nipe sindano."

Wakamgeuza ubavu, wakamkunja kiuno kama anavyokunjwa mgonjwa. Pingili mbili za chini walikuwa wameziacha bila kuzifungua kwa ajili hiyohiyo, maana Sista alikuwa mtu wa kufikiri mbele. Bertilla akapapasa mfupa wa nyonga, akavuka kwa kidole mpaka katikati, akapata pengo, akaingiza sindano. Akasikia nyama ikiikaza, kisha lile jambo dogo ambalo Sista alilisema siku nyingi na hakuna aliyelielewa, mpasuko mdogo, kama kidole kinachotoboa utando wa maziwa yaliyopoa. Kwa upande uliofunguliwa, Marselino alikuwa akichungulia na tochi.

"Inaingia!" akapiga kelele. "Bertilla, naiona! Nyuzi zinaikwepa! Zinajisogeza zenyewe, wallahi, zinaipisha!"

"Wewe ni Mkristo, wallahi ya nini?" akauliza Flavian, na hapo, katikati ya chumba kile, watu wote wakacheka, hata Sista, na Bertilla akacheka huku machozi yakimdondoka juu ya mgongo wa babu yake.

Walimfungua na kichwa. Kazi ya msumeno akaifanya Sista mwenyewe. Ubongo ukatoka laini sana, mzito kuliko walivyodhani, wenye mikunjo kama kitambaa kilichosokotwa. Sista akaukata kwa kisu kirefu: nje rangi ya majivu, ndani weupe. Akawaonyesha ule ubongo mdogo wa nyuma, ukiupasua unaona mchoro wa mti wenye matawi. Akawaonyesha mahali ambapo nyuzi za kulia huvuka kwenda kushoto na za kushoto kulia, ndiyo maana mtu aliyepigwa na kiharusi upande mmoja wa kichwa hulemaa upande wa pili wa mwili. Kisha akawaonyesha vyumba vilivyomo ndani, ambavyo huwa na maji, na njia ya maji hayo kushuka nyuma na kuuzunguka ugwe mpaka kiunoni. Bertilla akaelewa jambo lililomsumbua siku zote: ugonjwa uko kichwani, sindano unachoma kiunoni. Ni kisima kimoja. Unachota kule ambako hakuna cha kuharibu.

"Maneno hukaa wapi?" Flavian akauliza. Alikuwa ameshasogea mezani kabisa.

Sista akagusa upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. "Hapa na hapa."

"Na mzaha?"

Sista akafikiri kwa makini, kama alivyofikiria swali la mwanafunzi yeyote. "Hapo, Bwana Flavian, sijui. Hakuna aliyepaona."

"Basi huo amekwenda nao," akasema Flavian, na alionekana ameridhika.

Kila kitu kilirudi mahali pake. Bertilla aliurudisha ugwe, akairudisha mifupa kipande kwa kipande, akashona kwa mishono midogo ya karibu karibu, kama mama yake alivyoshona ukingo wa ungo. Alishona kichwa, akachana mvi zikafunika uzi. Wakamwosha, wakamvika shati lake la Jumapili. Jua lilipoanza kuinama, wanaume wa Mollo walimbeba juu ya machela, na hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa mzee mmoja aliyesema marehemu amependeza.

Baridi ikaja. Upepo wa Ufipa ulikausha midomo ya watu, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Siku moja lori la Mwinjuma, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, lilisimama uani kwa kishindo. Mkewe, Hamisa, akashuka na binti yao mdogo, Mwantum, amemfunika kwa khanga mbili na koti la baba. Shingo ya mtoto imekaza. Macho yanakwepa mwanga.

Sista Gaudensia akamtazama mtoto, akamtazama Bertilla. Akachukua sindano iliyochemshwa, akaiweka mbele ya Bertilla. Kisha yeye mwenyewe akaenda upande wa pili wa kitanda, akamkunja mtoto.

Hamisa akamshika Bertilla mkono. "Ngoja, dada. Hiyo sindano nimeisikia. Wanasema inalemaza. Mtoto ataamka hana miguu."

"Mimi pia nilisema hivyohivyo," akajibu Bertilla. "Nilisema kwa sauti, mbele ya Sista huyu."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona. Si kwenye kitabu, mama. Nimeweka kidole changu hiki mahali ugwe unapoishia." Akajigusa mgongoni, juu kidogo ya kiuno. "Unaishia hapa. Mimi nachoma hapa chini. Hapa mna nyuzi tu na maji, na nyuzi zinaipisha sindano."

"Uliona kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

Hamisa akamtazama msichana yule, kidole hakina pete, kichwa chini ya kitambaa cha mwanafunzi. Hakuelewa, lakini aliona uso wake, akauachia mkono. "Bismillahi," akasema.

Bertilla akapapasa mfupa wa nyonga. Pingili za mtoto zilikuwa ndogo kama punje za mahindi. Akapata pengo. Alikuwa na akili kiasi cha kukumbuka kuwa kwa mtoto mdogo ugwe hushuka kidogo zaidi, akachagua pengo la chini yake. Akaingiza. Nyama ikakaza, akangoja, utando ukapasuka. Akachomoa kijiti cha ndani ya sindano. Tone likatokea, likasimama, likaanguka katika kichupa. Lilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

"Anza dawa," akasema Sista. Kisha, kwa mara ya kwanza, Bertilla akaona yale macho makavu yamelowa. "Utakwenda Kaoze, binti. Marselino aje kukusaidia kubeba maboksi."

Mwantum alitoka hospitali kwa miguu yake, akikataa kabisa kubebwa, akamkanyaga baba yake njia nzima mpaka kwenye lori.

Jumapili iliyofuata Bertilla akaenda Mollo. Mjomba Flavian alikuwa shambani akipanga ulezi uliopurwa, akaacha kazi akamfuata hadi makaburini. Kaburi la mzee lilikuwa tuta refu la udongo mwekundu, limeanza kushika nyasi. Bertilla akapiga magoti, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, babu. Nimechelewa, najua. Usiniulize nimepitia kwa nani. Nimekuja kukueleza kama ulivyoniagiza."

Akaweka kidole juu ya tuta, upande wa kichwa, akakishusha polepole kama alivyokishusha siku ile. "Ugwe wako ulitoka hapa, ukashuka mzima, mzuri. Ukafika hapa. Hapa mfupa uliingia ndani ukaubana. Haukukatika, babu. Ulibanwa, ukasinyaa. Hakukuwa na uchawi, wala wenzako hawakukufanya kitu. Ulianguka juu ya jiwe, basi. Mjomba ameshakwenda kuwasalimu wale jirani, wamempa na kuku." Akasogeza kidole. "Hapa ndipo unapoishia. Ni kweli alivyosema Sista, sisi tulikuwa tunabishana bure na ng'ombe wetu. Na hapa chini ndipo nilipochoma."

Upepo ukapita juu ya nyasi.

"Mwambie na habari za yule mtoto," akasema Flavian nyuma yake.

"Namwambia, mjomba, usinikatize. Hata wewe umeanza kuwa na maneno." Akageukia tena tuta. "Jina lake Mwantum, babu. Anatembea. Amemkanyaga baba yake viatu vipya."